Miguu Baada ya Mweka: Barafu, Kuchuliwa, Kidonge au Matembezi?

Kilimanjaro Marathon, mbio za Moshi, hukimbiwa Jumapili. Jumatatu mkimbiaji huamka na uzito kidogo tu miguuni, akajisifu kwamba ameponea. Jumanne ndiyo siku yenyewe: ngazi zinashukwa kinyumenyume, daladala inapandwa kwa kuvutwa mkono, na choo cha kuchuchumaa kinageuka mtihani. Ukiuliza dawa utapewa tano kwa mpigo: kaa kwenye barafu, kandwa na maji ya moto, meza diklofenaki, nyoosha viungo, lala usiguse kitu. Nyingine zinapingana waziwazi. Hapa tunazipambanisha mbili mbili, kwa kuangalia muda, gharama na kile ambacho kila moja inafanya kweli.

Kwanza, kilichoumia ni nini

Mbio za Moshi huanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Wa kilomita 42 na wa kilomita 21 wote hupanda kuelekea Mweka, upande wa mlimani, hugeuza, kisha huteremka kurudi mjini. Watu hulalamikia kupanda, lakini kinachovunja miguu ni kuteremka. Ukipanda, msuli wa paja la mbele hukaza huku ukifupika. Ukiteremka, hukaza ili usianguke kifudifudi, na papo hapo uzito wa mwili unaurefusha kwa nguvu. Kila hatua ni breki. Katika maelfu ya hatua hizo nyuzi ndogo ndani ya msuli huchanika, maji hujaa pale palipoumia, seli za kinga huja kusafisha, na neva za eneo hilo huwa nyepesi kuhisi. Kazi hiyo haianzi mara moja, ndiyo maana maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na saa 72 baada ya mbio. Wanaokimbia mbio ndefu za Comrades za Afrika Kusini katika mwaka wa kuteremka, kutoka Pietermaritzburg kwenda Durban, wanalijua somo hili kuliko mtu yeyote.

Si asidi ya laktiki. Hiyo huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, na kufika Jumanne imeshasahaulika. Anayekuuzia huduma ya "kutoa laktiki" siku mbili baadaye anauza kutoa kitu ambacho hakipo. Huduma yenyewe inaweza kuwa nzuri. Maelezo ndiyo mabovu.

Shika hili kabla ya kuchagua: karibu kila njia iliyopo hapa hupunguza maumivu, lakini hakuna inayofanya nyuzi zijijenge upya kwa haraka ya kushangaza. Paja lililoacha kuuma Alhamisi halijapona Alhamisi. Na siku tunazihesabu hivi: Jumapili ya mbio ni ya kwanza, Jumatatu ni ya pili.

| Njia | Wakati wake | Inachofanya | Gharama |
|---|---|---|---|
| Maji ya barafu | Saa 1 hadi 2 baada ya mbio | Hupunguza maumivu ya siku 1 hadi 4 zinazofuata | Barafu, pipa, uvumilivu |
| Kukandwa maji moto | Kuanzia siku ya pili | Hulegeza ukakamavu kwa saa chache | Kuni au gesi tu |
| Kuchuliwa | Siku hiyo kwa upole, kisha siku ya 2 na ya 3 | Hupunguza maumivu kuliko nyingine zote | Fedha, au ndugu mwenye subira |
| Parasetamo | Usiku usiolalika | Huzima maumivu kwa saa 4 hadi 6 | Ndogo |
| Diklofenaki, ibuprofen | Si siku ya mbio | Huzima maumivu, ina hatari kwa figo na tumbo | Ndogo dukani, kubwa ikiharibu |
| Kutembea | Kila siku | Nafuu ya muda mfupi, damu inazunguka | Bure |
| Kunyoosha viungo | Wakati wowote | Karibu hakuna | Bure, na bado ni ghali |

Maji ya barafu au kukandwa kwa maji ya moto?

Hizi si njia mbili za kazi moja. Zinagombanishwa kwa sababu watu hawaangalii saa.

Baridi ni ya siku ya mbio. Inabana mishipa midogo ya damu, inapunguza uvimbe na inazipa ganzi neva. Kipimo kinachofanya kazi ni maji ya nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, dakika 10 hadi 15, yakifika kiunoni. Kiuno ni muhimu. Kosa linaloonekana kila mwaka ni kutumbukiza miguu kwenye ndoo mpaka magotini: vigimbi vinapoa, na paja lililoumia liko nje linakuangalia.

Chukua pipa la lita 200 lililokatwa nusu, au beseni kubwa la kufulia unaloweza kukalia. Lita 60, yaani ndoo tatu kubwa, zinatosha kwa sababu mwili wenyewe hupandisha maji. Hesabu ya barafu inategemea maji unayoanza nayo. Maji ya bomba ya Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, yakiwa na nyuzi 27 hivi, yanataka kilo 8 hadi 9 za barafu kushuka hadi nyuzi 14. Maji ya nyuzi 20, kama yanayopatikana sehemu za mwinuko, yanataka kilo 4. Ongeza kilo moja au mbili kwa ajili ya joto la miguu yako mwenyewe. Barafu ya mabonge ya soko la samaki inafaa kabisa ukiiponda. Chupa sita za lita moja na nusu zilizogandishwa nyumbani zinafanya kazi hiyohiyo, ila zimefungwa na huyeyuka polepole. Zitie majini mapema, uyakoroge, usizitie ukiwa umeshavua nguo.

Bila kipimajoto, tumbukiza mkono. Ukianza kuuma ndani ya nusu dakika, maji yamepita kiasi. Ongeza maji ya bomba. Vaa fulana kavu na soksi, kwa maana vidole vya miguu ndivyo vinavyolia kwanza. Ingia taratibu huku ukitoa pumzi. Pawepo na mtu karibu. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa aache kabisa, na mwenye malengelenge yaliyopasuka ayafunike kwanza. Ukitetemeka, toka, hata kama ni dakika ya sita.

Mto ni bure, nao unavutia. Moshi ina vijito vinavyoshuka mlimani, na maji yake yanaingia kwenye mifupa. Lakini maji yanayotulia au kwenda polepole kati ya mashamba yanaweza kuwa na kichocho, na ngozi iliyochubuka hairuhusu kubahatisha. Barafu ya kununua ni afadhali kuliko kuugua kichocho.

Joto nalo lina siku yake. Kuanzia siku ya pili, uvimbe ukiwa umetulia, taulo lililozamishwa kwenye maji ya nyuzi 40 hivi, yale ambayo mkono unayavumilia bila kurukaruka, hulegeza msuli uliokakamaa. Kamua, funika paja, badilisha kila dakika mbili tatu, jumla dakika 15 hadi 20. Wanaotia majani ya mkaratusi au mchaichai wafanye tu. Harufu ni nzuri, kazi inafanywa na joto. Kinachoharibika ni mambo mawili. La kwanza ni kukandwa kwa maji ya moto saa moja baada ya kumaliza mbio, ukiwa umekaukiwa na maji: mishipa hutanuka, presha hushuka, mtu anaanguka bafuni. La pili ni kupaka mafuta ya kuchua yenye mentholi kisha kuweka taulo la moto juu yake. Ngozi huungua bila wewe kuhisi, mpaka umechelewa.

Ukilazimika kuchagua moja tu, na una njia ya kupata barafu siku hiyohiyo, chagua baridi. Usipoipata Jumapili, usihangaike kuitafuta Jumatano, kanda.

Kuchuliwa na mtu au kujichua mwenyewe?

Kati ya njia zote zilizopimwa, kuchuliwa ndiko kunakotoa nafuu kubwa zaidi ya maumivu ya misuli baada ya zoezi. Si ajabu kwamba kwenye kambi za wakimbiaji za nyanda za juu Kenya, Iten na Kaptagat, mchuaji ni mtu wa kila wiki na si anasa. Lakini hakurudishi nguvu za msuli mapema. Utajisikia vizuri kuliko ulivyo.

Siku ya mbio, kwenye hema la mwishoni au nyumbani, taka mguso mwepesi: viganja vyenye mafuta vikipanda kutoka kifundo kwenda nyonga, dakika 20 hadi 30 kwa miguu yote, bila vidole kuchimba. Mafuta ya nazi yanatosha. Siku ya pili na ya tatu mkono unaweza kuingia ndani kidogo, ukikanda msuli kama unga wa chapati uliokwisha kulainika. Uzito wa mkono usizidi kiwango unachoweza kuongea nao bila kukatisha sentensi.

Hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Kuna imani kwamba msuli usipouma haujachuliwa, na kuna wachuaji wanaoitumikia imani hiyo kwa viwiko. Msuli wenye nyuzi zilizochanika ukichimbwa kwa nguvu ndani ya saa 48 za mwanzo huumia upya, na asubuhi unakuta paja limevilia damu. Mchuaji anayesema "vumilia" siku ya kwanza, mlipe nusu uondoke.

Kujichua hakufikii mkono wa mtu, ila kunaweza kurudiwa asubuhi na jioni bila kumwomba yeyote. Kama huna rola ya sponji, kisukumio cha chapati kinafaa sana kwa kigimbi na paja la mbele. Kaa kwenye stuli, mguu umelegea, sukuma kutoka juu ya kifundo hadi chini ya goti, kisha kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga. Nenda polepole, dakika moja hadi mbili kwa kila msuli. Ukikuta mahali panapouma zaidi, simama hapo sekunde 20 kwa uzito mdogo, usipasugue. Usipite nyuma ya goti, wala juu ya mfupa wa muundi. Kwa kalio na paja la nyuma, mpira wa tenisi sakafuni unafika mahali ambapo kisukumio hakifiki.

Parasetamo au diklofenaki?

Huu ndio ulinganisho wenye jibu fupi na madhara makubwa: siku ya mbio usimeze diklofenaki wala ibuprofen, na usichomwe sindano yake.

Sababu iko kwenye figo. Baada ya saa nne au tano juani damu imepungua maji, na figo hutegemea kemikali fulani za mwili kuacha mishipa yake wazi. Dawa za jamii hii huzuia kemikali hizohizo. Wakati huohuo misuli iliyoumia inamwaga protini zake kwenye damu, na figo ndizo zinazotakiwa kuzichuja. Unazipa kazi mara mbili na kuzinyima maji. Tumbo pia limepungukiwa na damu wakati wa kukimbia, hivyo utando wake huchubuka kirahisi. Tatizo la huku kwetu ni kwamba diklofenaki ni rahisi kupata kuliko ushauri. Duka la dawa la pili kutoka stendi litakuuzia bila swali.

Kama maumivu yanakunyima usingizi, parasetamo inatosha: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa saa 24. Soma kiboksi. Kuna vidonge vya diklofenaki ambavyo ndani vimechanganywa na parasetamo, na anayeongeza Panadol juu yake anazidisha dozi bila kujua. Ini ndilo linalolipa. Aliyekunywa pombe nyingi jioni ya mbio aache parasetamo pia. (Mbio zenyewe zilibeba jina la bia kwa miaka mingi, kwa hiyo huu si ushauri wa nadharia.)

Kuanzia kesho yake, kama umekula, mkojo umerudi kuwa wa rangi hafifu, huna vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, presha ya dawa wala ujauzito, ibuprofen miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, kwa siku moja au mbili, inakubalika. Zaidi ya hapo unajifichia dalili ambazo ungepaswa kuziona.

Tangawizi hutajwa mara nyingi kama mbadala. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, uliochapishwa 2010, uliona nafuu ya kweli ya maumivu ya misuli, lakini kwa watu waliokula gramu 2 kila siku kwa siku 11, wakiwa wameanza kabla ya zoezi. Kikombe kimoja cha chai ya tangawizi Jumanne ni kitamu. Basi.

Kitandani au kutembea?

Kulala usingizi na kulala kitandani ni vitu viwili. Usingizi wa saa 8 au 9, kwa siku tatu za kwanza, ndio dawa ambayo hakuna pipa la barafu linaloifikia. Ujenzi wa msuli hufanyika hapo. Lakini kujilaza mchana kutwa hukakamaza miguu, na hatua ya kwanza ukisimama inakuwa mbaya kuliko ya jana.

Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kuvuka mstari, kabla ya kuketi. Jumatatu na Jumanne tembea dakika 20 kwenye tambarare, au endesha baiskeli bila kukaza. Nafuu yake ni ya muda, pengine saa moja, ila unaweza kuirudia mara tatu kwa siku na haina gharama. Usitembee mteremko. Kuogelea, au kutembea ndani ya maji ya bahari yanayofika kifuani kwa walioko Pwani, ni bora zaidi, kwa sababu maji hubeba uzito na paja halipigi breki.

Kunyoosha viungo tumekutaja kwenye jedwali kwa ukali, na hatuombi radhi. Majaribio mengi yamelinganisha wanaonyoosha na wasionyoosha, na tofauti ya maumivu ni ndogo kiasi kwamba mwenye miguu haihisi. Ubaya ni pale mtu anapoushika mguu kwa nyuma Jumapili jioni na kuuvuta kisigino mpaka kalioni, "ili usikakamae". Anarefusha kwa nguvu msuli ulioumia kwa kurefushwa kwa nguvu. Kama unapenda kunyoosha, subiri siku ya nne, na uishie pale unapohisi mvuto, si maumivu.

Soksi za kubana

Faida yake kwa maumivu ni ndogo lakini ipo, na hailipi kwa anayeishi Moshi mjini. Inalipa kwa anayepanda basi. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kukaa saa nane au kumi na miguu iliyovimba, huku damu ikiwa bado nzito kwa kukosa maji, ndiyo mazingira ambayo damu hugandia kwenye mshipa wa kigimbi. Vaa soksi ndefu zenye mbano wa milimita 15 hadi 20 za zebaki (mmHg), zikibana zaidi kifundoni na kulegea kuelekea goti. Za mitumba huwa zimechoka lastiki: zivute, zisiporudi papo hapo ni soksi za kawaida zenye bei ya uongo. Zisikunjike chini ya goti, maana mkunjo ule ni kamba. Chagua kiti cha pembeni mwa ujia, pinda na kunjua vifundo mara 20 kila nusu saa, na basi likisimama shuka, hata kama kila ngazi inakutukana. Wanaorudi Nairobi kwa kupitia Namanga, mpaka wenyewe unawalazimisha kutembea. Wauchukue kama tiba.

Mtori au unga wa protini?

Chakula hakiondoi maumivu ya Jumanne, ila bila chakula ukarabati unakosa tofali. Ndani ya saa moja au mbili lenga protini gramu 20 hadi 30, pamoja na wanga wa kutosha: kwa mtu wa kilo 60, gramu 60 hivi kwa kila saa katika saa chache za mwanzo. Nusu lita ya maziwa ina protini kama gramu 16, mayai mawili gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinakaribia 15. Kijiko cha unga wa kopo hutoa 20 hadi 25, na ubora wake mkubwa ni kwamba unaingia kwenye begi. Kwa Moshi hakuna sababu ya kulifungua kopo: bakuli la mtori, yaani ndizi, nyama na chumvi vilivyokwisha kupondwa, linateremka hata kwa tumbo lililokataa ugali.

Maji yanahitaji kipimo kuliko shauku. Jipime uzito kabla na baada ya mbio. Kwa kila kilo iliyopotea kunywa lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo hadi jioni, pamoja na kitu cha chumvi: supu, au pakiti ya ORS kwenye lita moja. Anayegugumia maji matupu lita nne kwa mkupuo hushusha chumvi ya damu, na kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa vinavyofuata huonekana kama kiu, kwa hiyo anaongezewa maji mengine.

Uchague nini, kwa hali ipi

Unayepanda basi Jumapili mchana huna muda wa pipa. Tembea, kula mtori, mguso mwepesi kwenye hema kama foleni ni fupi, soksi, kiti cha ujia. Kuchuliwa kwa maana yake kungoje siku ya pili, nyumbani.

Muuguzi, mwalimu, askari, yeyote anayesimama kazini Jumatatu na Jumanne, huyu ndiye anayefaidika zaidi na barafu Jumapili, kwa sababu inapunguza hasa zile siku mbili anazozihitaji. Jioni ya Jumanne aongeze mchuaji. Fedha ikiwa ya kitu kimoja tu, barafu.

Kama una wiki nzima ya kupumzika na mfuko mwembamba, usinunue chochote: matembezi, kisukumio, taulo la moto kuanzia Jumatatu jioni, usingizi. Siku ya tano utakuwa pale pale alipo aliyelipia vyote.

Mwenye mbio nyingine ndani ya wiki mbili anauliza swali baya. Hakuna ulinganisho utakaomsaidia. Miguu itaacha kuuma kabla nguvu hazijarudi, naye atakimbia kwa misuli isiyoweza kupiga breki.

Yasipokuwa maumivu ya kawaida

Maumivu ya kawaida yako pande zote mbili, yameenea kwenye msuli mzima, hupungua ukitembea kidogo, na kufikia siku ya tano hadi ya saba yamekwisha. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, pamoja na misuli iliyovimba na kulegea, ni protini za msuli zinazoziba figo: hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto, kinachouma hata ukiwa umeketi, hasa baada ya basi, kinaweza kuwa damu iliyoganda. Usikichue kamwe, nenda ukapimwe, na ukianza kukosa pumzi au kubanwa kifua hiyo ni dharura. Maumivu yanayokaa kwenye nukta moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa kidole, na yanayozidi kwa kila hatua, huenda ni ufa wa mfupa.

Kutibu au kukinga?

Njia moja inazishinda zote zilizotajwa, nayo haifanywi baada ya mbio. Msuli ulioumizwa kidogo kwa mteremko hujijenga ukiwa mgumu zaidi kwa mteremko unaofuata, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Wiki sita hadi mbili kabla ya mbio, tafuta mteremko wa wastani: wiki ya kwanza teremka mara nne za mita 200 kwa mwendo wa starehe, wiki ijayo sita, kisha nane. Hatua fupi, goti limelegea, usitue kwa kisigino mbele ya mwili. Utaumwa baada ya zoezi la kwanza na kushangaa la pili likipita kimya. Zoezi la mwisho liwe siku 14 kabla ya mbio. Anayeishi Dar na kufanya mazoezi yake yote kwenye lami tambarare ndiye Mweka inamwadhibu zaidi, na kwake ngazi za ghorofa tano zikishukwa taratibu mara sita zinatosha kuanzia.

Kurudi barabarani kupimwe kwa kazi, si kwa kalenda. Shuka ngazi bila kushika ukingo, chuchumaa mara kumi, kisha ruka kwa mguu mmoja mara kumi kila upande. Kimoja kikishindikana, ongeza siku mbili za kutembea. Vyote vikipita, anza na dakika 20 hadi 30 kwenye tambarare, mwendo wa kuongea, siku moja ndiyo siku moja hapana, na mteremko uuache mpaka wiki ya tatu.